Kusoma tanzia ya mwanamaji Mfilipino wa Marekani

Katika miji ya bandari ya Marekani, kuanzia San Diego na Vallejo huko California hadi Norfolk na Virginia Beach upande wa Atlantiki, kuna tanzia za namna moja ambazo ukishasoma chache utazitambua kwa mbali. Marehemu alizaliwa Cavite, au Zambales, au Pangasinan, mikoa ya Ufilipino, katika miaka ya 1930 au 1940. Alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Marekani akiwa kijana. Alitumikia miaka 20 au zaidi kidogo, akastaafu na cheo cha chifu, ngazi ya heshima kubwa miongoni mwa wanamaji wasio maofisa. Baada ya hapo alifanya kazi posta, au kwenye karakana ya kutengeneza meli. Alikuwa mume mwema, baba, babu, muumini wa parokia, mpishi wa sherehe zote za ukoo. Ameacha mjane, watoto, wajukuu na ndugu wengi waliotapakaa Marekani na Ufilipino. Atazikwa kwa heshima za kijeshi.

Hakuna sentensi ya uongo hapo. Lakini karibu kila moja imebeba mkataba, sheria au amri ambayo mara nyingi watoto wenyewe hawakuwahi kusimuliwa, maana wazee hawa hawakuwa wasemaji wa kazi zao. Raia wa nchi nyingine aliwezaje kuandikishwa katika jeshi la Marekani akiwa kwao, hajakanyaga Marekani hata siku moja? Kwa nini karibu wote walianzia jikoni? Uraia waliupataje? Na ilikuwaje kijana mmoja wa kijijini avushe ukoo mzima hadi ng'ambo ya Pasifiki? Tukimsifu kwamba alikuwa mtu wa familia bila kujibu maswali haya, tunamsifu nusu. Utumishi wake na familia yake havikuwa vitu viwili: aliingia melini kwa ajili ya familia, na ni familia iliyolipia muda aliokuwa melini.

Alivyoandikishwa akiwa kwao

Habari inaanzia 1898. Marekani ilipopigana na Hispania, meli za George Dewey ziliteketeza kikosi cha Wahispania katika Ghuba ya Manila tarehe 1 Mei. Mwezi uliofuata Wafilipino walitangaza uhuru wao huko Kawit, mkoani Cavite. Hawakusikilizwa. Desemba ya mwaka huohuo, kwa Mkataba wa Paris, Hispania iliiachia Marekani visiwa vyote kwa dola milioni 20, na Februari 1899 vita vikazuka kati ya Wafilipino na watawala wapya. Vita hivyo vilikuwa bado havijaisha Rais William McKinley aliporuhusu, mwaka 1901, Wafilipino 500 waandikishwe katika Jeshi la Wanamaji. Kituo chao kikuu kilikuwa Cavite, palepale walipokuwa wamejitangazia uhuru, kwa sababu Wahispania waliacha hapo karakana na bandari ambazo Wamarekani walizirithi. Ndiyo maana jina la Cavite linajirudia katika tanzia hizi hadi leo.

Hapo mwanzo Wafilipino hawakufungiwa jikoni. Mfano bora ni Telesforo Trinidad, mzaliwa wa eneo ambalo sasa ni mkoa wa Aklan. Tarehe 21 Januari 1915 alikuwa mchochea moto kwenye meli ya kivita USS San Diego, pwani ya Meksiko, matangi ya mvuke yalipoanza kulipuka. Mlipuko wa kwanza ulimtupa nje ya chumba cha tanuri. Akarudi ndani, akamnyanyua mwenzake aliyejeruhiwa, na alipofika chumba kingine akakutana na mlipuko wa pili uliomuunguza uso. Akampokeza majeruhi wake kwa wengine na kurudi kusaidia kumwokoa mtu mwingine. Alipewa Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa Marekani, pamoja na zawadi ya dola 100. Mwaka 2022 Jeshi la Wanamaji lilitangaza kwamba manowari mpya itabeba jina lake.

Namtaja Trinidad kwa sababu anabomoa dhana iliyokuja kukubalika baadaye, kwamba Mfilipino melini "kiasili" ni mtu wa kuhudumia meza. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Wafilipino wapatao 6,000 walitumikia Jeshi la Wanamaji. Baada ya vita, milango ya kazi nyingine ikafungwa. Kuanzia 1919 jeshi hilo liliacha kuandikisha Wamarekani weusi wapya kwa zaidi ya miaka kumi, na nafasi za uhudumu ambazo wao walikuwa wameachiwa zikajazwa na Wafilipino. Shambulio la Pearl Harbor lilipotokea Desemba 1941, miongoni mwa waliokufa ndani ya USS Arizona walikuwamo wahudumu Wafilipino.

Uhuru wa Ufilipino ulikuja tarehe 4 Julai 1946. Kwa kawaida hapo ndipo uandikishaji ungekoma, kwa sababu Mfilipino sasa alikuwa mgeni kisheria. Haukukoma. Tarehe 14 Machi 1947 nchi hizo mbili zilitia saini Mkataba wa Kambi za Kijeshi, ulioipa Marekani haki ya kutumia kambi kubwa kama Subic, Clark na Sangley Point. Ndani yake kuna kifungu cha 27 kinachoruhusu Marekani kuandikisha raia wa Ufilipino katika majeshi yake kwa hiari yao. Kifungu hicho kifupi ndicho jibu la swali la kwanza. Mwaka 1952 serikali hizo zilikubaliana kwamba wasizidi 1,000 kwa mwaka, na 1954 idadi hiyo ikapandishwa hadi 2,000. Kati ya 1952 na 1991 waliandikishwa takriban Wafilipino 35,000.

Tarehe hizo zina maana yake. Rais Harry Truman alikuwa ametoa amri mwaka 1948 ya kukomesha ubaguzi wa rangi majeshini, na Wamarekani weusi waliokuwa wamebanwa katika kazi ya uhudumu walikuwa wakiihama. Maofisa walikuwa wamezoea kuhudumiwa, na mkataba wa nje ulitoa njia ya kupata wahudumu wengine bila kuvunja amri ya ndani.

Kazi aliyoinyamazia

Kijana aliyepita usaili wa Sangley Point katika miaka ya 1950 na 1960 aliambiwa waziwazi: utakuwa mhudumu wa maofisa. Kazi nyingine haikuwapo kwake. Alipika na kuandaa meza ya chumba cha maofisa, akapakua, akaosha vyombo, akafua na kupiga pasi sare, akatandika vitanda, akang'arisha viatu. Waliopangiwa makazi ya maadmirali walijikuta wakipalilia bustani, kutembeza mbwa na kulea watoto wa mkubwa. Wengine walifika hadi Ikulu ya Marekani, ambako mgahawa wa wafanyakazi wa rais huendeshwa na wanamaji, na hadi Camp David, mapumziko ya marais yaliyo chini ya jeshi hilohilo. Marais kadhaa walilishwa na mikono ya watu wa Cavite.

Vita vilipopamba moto, mhudumu huyohuyo alikuwa na kituo chake cha mapigano: kupitisha risasi na makombora, kubeba majeruhi. Hatari haikumpunguzia chochote. Nafasi ya kupanda cheo ndiyo iliyopunguzwa.

Si wachache waliokuwa wamefika chuo kabla ya kuandikishwa. Kijana aliyesomea ualimu au uhasibu alijikuta akishika trei mbele ya luteni wa umri wake. Kwa nini alikubali? Kwa sababu mshahara wa mwanamaji wa ngazi ya chini kabisa wa Marekani, ukiubadilisha kuwa peso, uliwazidi watumishi wengi wenye elimu nchini kwake, na kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo zake sita wanaongoja ada. Kila mwaka makumi ya maelfu ya vijana waliomba nafasi hizo, na wachache mno wakapata, kwa kuwa waliokuwamo tayari hawakutoka: muda wao ukiisha waliongeza mwingine. Kufikia 1970 Wafilipino katika Jeshi la Wanamaji la Marekani walizidi 14,000, na kwa idadi waliwashinda wanamaji wote wa jeshi la Ufilipino lenyewe.

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Kuna njia mbili rahisi za kuwakumbuka watu hawa, na zote mbili zinawapunja. Moja inasema walikuwa watumwa wa kisasa waliodhalilishwa. Nyingine inasema walikuwa watu wenye shukrani, waliopewa fursa wakaitumia, yamekwisha. Ukiwasikiliza wao wenyewe utasikia mambo yote mawili kinywani mwa mtu mmoja, pengine katika sentensi moja: uchungu wa kuitwa "boi" akiwa na watoto watatu, na fahari ya kumaliza deni la shamba la baba yake. Ubaguzi ulikuwa kwenye kanuni, na kanuni iliandikwa na watu wanaojulikana. Heshima yao waliileta wenyewe.

Mabadiliko yalikuja chini ya Admirali Elmo Zumwalt, aliyeongoza Jeshi la Wanamaji kuanzia 1970 hadi 1974 na aliyetuma amri nyingi fupi za kuondoa kero na ubaguzi. Mwaka 1971 Wafilipino waliruhusiwa kuingia fani nyingine. Miaka hiyohiyo Seneta William Proxmire wa Wisconsin alilishikia bango suala la wanajeshi kugeuzwa watumishi wa nyumbani wa majenerali na maadmirali. Tarehe 1 Januari 1975 fani ya uhudumu wa maofisa ilifutwa kama fani ya pekee na kuunganishwa na ile ya wapishi wa kawaida wa meli. Waliokuwa bado vijana wakahamia uhasibu wa mishahara, ukarani wa utumishi, utunzaji wa stoo, uuguzi, ufundi wa mitambo. Waliokuwa wamebakiza miaka mitatu minne kustaafu wengi wao walibaki jikoni, na wakamalizia hapo wakiwa machifu.

Uraia na ukoo

Watu wengi hudhani kwamba ukivaa sare ya Marekani unakuwa Mmarekani. Haikuwa hivyo. Mwanamaji aliyeandikishwa Ufilipino alikuwa mgeni mwenye sare. Sheria ya uhamiaji ya 1952 ilimtaka askari wa wakati wa amani awe kwanza na ukaazi halali wa kudumu, ambao huyu hakuwa nao, kwani aliingia nchini kwa amri ya meli, si kwa viza ya uhamiaji. Njia ilikuwa nyepesi zaidi kwa waliotumikia wakati wa vita. Kwa ajili hiyo sheria inatambua vita vya Korea, na vile vya Vietnam kuanzia tarehe 28 Februari 1961 hadi 15 Oktoba 1978. Ndani ya dirisha hilo la Vietnam wengi wa kizazi tunachokizungumzia walikula kiapo cha uraia.

Waliokuja baadaye walikwama. Mtu angeweza kutumikia zaidi ya miaka kumi na bado akastaafu bila haki ya kubaki Marekani. Bunge la Marekani lililishughulikia jambo hilo Oktoba 1991 kwa sheria iliyompa ukaazi wa kudumu mtu aliyeandikishwa nje ya nchi kwa mkataba na kutumikia jumla ya miaka 12, au aliyefikisha 6 na kusaini kuendelea hadi 12. Mlango wenyewe ulikuwa unafungwa wakati uleule: tarehe 16 Septemba 1991 Seneti ya Ufilipino ilikataa kuongeza muda wa kambi kwa kura 12 dhidi ya 11. Tarehe 24 Novemba 1992 Wamarekani wa mwisho waliondoka Subic, na uandikishaji wa raia wa Ufilipino ukaisha nao.

Uraia ndio uliobadilisha mshahara wa mtu mmoja kuwa safari ya ukoo. Sheria ya uhamiaji ya Oktoba 1965 ilifuta utaratibu wa zamani uliowapa Waasia nafasi za kuhesabika, ikaweka familia mbele. Raia aliweza kumwombea mke, watoto wadogo na wazazi bila kungoja foleni ya mgawo, na kuwaombea ndugu zake wa tumbo moja kwa foleni. Mwanamaji alianza na mkewe. Kisha wazazi. Kisha fomu za ndugu, mmoja baada ya mwingine. Kwa Wafilipino foleni ya ndugu imerefuka hadi kupita miaka 20, kwa hiyo fomu aliyoijaza akiwa na nywele nyeusi ingeweza kujibiwa akiwa mstaafu. Unaposoma kwenye tanzia kwamba marehemu "ameacha kaka na dada sita huko California", fahamu kwamba nyuma yao kuna karatasi alizojaza kwa mkono wake, ada alizolipa na dhamana alizotia saini, kila mara akiahidi kwamba mgeni wake hataitegemea serikali.

Kabla ya hapo kulikuwa na pesa. Jeshi lilimruhusu kukata sehemu ya mshahara iende moja kwa moja kwa wazazi au mke, na wengi walifanya hivyo tangu mwezi wa kwanza. Kulikuwa na makasha ya vyakula vya makopo, sabuni, kahawa na chokoleti kutoka maduka ya kambini, yaliyofungwa kwa gundi na kamba na kusafirishwa kwa miezi. Kulikuwa na kaseti, mtu anajirekodi sauti usiku kwenye godoro lake la melini, watoto wanaisikiliza sebuleni hadi utepe unachakaa.

Upande wa mke haujaandikwa vya kutosha. Meli za kubebea ndege zilizokuwa zikizunguka Ghuba ya Tonkin wakati wa vita vya Vietnam zilikaa safarini miezi saba, nane, tisa. Katika muda huo mwanamke aliyetoka kijiji cha Zambales alijifungua, alijifunza kuendesha gari, alishughulika na shule, hospitali na benki kwa lugha ya kigeni, katika mji ambao huenda mwaka kesho wangeuhama. Wapo waliokuwa wauguzi na kufanya zamu za usiku juu ya hayo yote. Wapo watoto waliokua wakimwona baba kama mgeni anayekuja na zawadi na amri, na ambao hadi leo wanasema upendo wake waliuelewa ukubwani. Nadhani ni haki kuliandika hilo pia. Mtu anaweza kuwa amejitoa kwa familia yake kwa moyo wote na bado kutokuwapo siku ambazo watoto walimhitaji.

Pensheni ya miaka 20, nusu ya mshahara wa msingi, ilimkuta akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Kwa mujibu wa kanuni hakuwa hata amestaafu kabisa, kwani mwanamaji anayeondoka na miaka 20 huwekwa kwenye akiba ya jeshi hadi itimie 30. Ndiyo sababu ya ile sentensi kuhusu posta na karakana: watoto walikuwa ndio kwanza wanaanza sekondari, na mzee akaanza kazi ya pili bila kupumzika. Familia zikanunua nyumba karibu na kambi, kwa sababu ya hospitali, duka na marafiki. Hivyo ndivyo mji wa National City, jirani na San Diego, na kitongoji cha Mira Mesa, ndani ya San Diego, vilivyopata sura yake ya Kifilipino.

Matunda yanaonekana. Eleanor Mariano alizaliwa Sangley Point mwaka 1955, binti wa mhudumu wa maofisa. Akawa daktari wa Jeshi la Wanamaji, akawa daktari wa Rais Bill Clinton, na mwaka 2000 akapandishwa kuwa admirali, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Ufilipino kufika hapo. Baba alihudumia meza za maadmirali. Jambo hilo halihitaji maelezo ya ziada.

Asichanganywe na wengine

Kuna mkanganyiko unaoingia hata kwenye hotuba za mazishi. Ukisema "veterani Mfilipino", wengi hufikiria wale waliodhulumiwa na sheria ya Februari 1946. Hao ni kundi jingine. Mwezi Julai 1941 Rais Franklin Roosevelt aliliita jeshi la Ufilipino kutumikia chini ya amri ya Marekani, na zaidi ya Wafilipino 200,000 walipigana na Wajapani, wakiwamo wapiganaji wa msituni. Vita vilipokwisha, Bunge la Marekani likatamka kwamba utumishi huo usihesabiwe kama utumishi wa kijeshi wa Marekani kwa ajili ya stahili nyingi za maveterani. Walidai haki yao kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2009 walionusurika walipewa malipo ya mara moja: dola 15,000 kwa raia wa Marekani, 9,000 kwa wasio raia. Desemba 2016 ikatiwa saini sheria ya kuwatunuku Medali ya Dhahabu ya Bunge.

Mwanamaji wetu aliandikishwa baada ya hapo, kwa mkataba, katika jeshi la kawaida la Marekani. Pensheni alipata, matibabu alipata, kaburi anapata. Dhuluma yake ilikuwa ya namna nyingine: kupangiwa kazi kwa utaifa wake. Inawezekana kabisa katika ukoo mmoja baba alikuwa mpiganaji wa msituni asiyelipwa kitu, na mwana akawa mhudumu mwenye pensheni. Kuzichanganya habari hizo mbili ni kumnyima kila mmoja cha kwake.

Anapofariki

Msiba wake huwa na ibada mbili ndani ya siku zilezile. Kuna ile ya Kifilipino: mkesha wenye chakula kingi, tambi za pancit na sambusa nyembamba za lumpia, rambirambi za fedha kwenye bahasha, na rozari kwa usiku tisa mfululizo. Kisha arobaini, ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, na baada ya mwaka ibada ya kuvua nguo za msiba. Wajukuu waliozaliwa Virginia na wasiojua Kitagalogi husoma sala walizoandikiwa kwenye karatasi, wakimwita Lolo, yaani babu.

Na kuna ile ya jeshi. Tangu mwaka 2000 sheria inamhakikishia kila veterani anayestahili walau askari wawili wenye sare, mmoja wao kutoka jeshi alilotumikia. Tarumbeta hupigwa. Bendera iliyofunika jeneza hukunjwa polepole hadi inakuwa pembetatu ya buluu yenye nyota, na askari hupiga goti mbele ya mjane na kuikabidhi kwa niaba ya rais, ya Jeshi la Wanamaji na ya taifa lenye shukrani. Kaburi na jiwe la kaburi katika makaburi ya taifa, kama Miramar huko San Diego, ni bure, na mke ana haki ya kuzikwa humohumo.

Waliorudi kwao kustaafu, Olongapo au Cavite, nao hawakuachwa kabisa: Manila ina ofisi ya idara ya maveterani ya Marekani, ofisi ya pekee ya ngazi hiyo nje ya ardhi ya Marekani. Lakini makaburi ya Clark, baada ya mlima Pinatubo kulipuka mwaka 1991 na jeshi kuondoka, yalifunikwa na majivu na kutelekezwa. Miaka mingi yalitunzwa na maveterani wa kujitolea, hadi serikali ya Marekani ilipoyachukua mwaka 2013.

Ili heshima hizo zipatikane, familia huulizwa karatasi moja: DD-214, cheti cha kuondoka jeshini. Wengi huitafuta kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwenye droo ya mzee. Isomwe kwa makini, kwa sababu imeandika wasifu wake kuliko tanzia. Herufi za fani ndizo za kutazama. TN na SD ni uhudumu wa maofisa. MS ni fani mpya ya upishi iliyoanza 1975, hivyo mtu mwenye SD kwenye karatasi za zamani na MS kwenye za mwisho alikuwamo kazini siku fani yake ilipofutwa. Ukikuta SD halafu DK, au PN, au SK, huyo alihama baada ya 1971: alikwenda mishahara, au ukarani wa utumishi, au stoo. Huenda hakuwahi kumwambia mtu kwamba alirudi darasani na kufanya mitihani usiku baada ya kuosha vyombo.

Kuna sababu nyingine ya kuzisoma karatasi hizo mapema. Pensheni ya mwanajeshi husimama anapofariki, na fedha zilizoingia benki baada ya hapo hudaiwa zirudi. Mjane huendelea kupata sehemu, hadi asilimia 55, ikiwa tu mume alijiunga na mpango wa warithi ulioanzishwa 1972. Tena, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 inawachukulia wanamaji waliokuwa kwenye meli ndani ya maili 12 za bahari kutoka pwani ya Vietnam kuwa waliathiriwa na sumu ya kuua majani iliyomwagwa huko. Wakiugua saratani za aina fulani, kisukari cha ukubwani au ugonjwa wa moyo wa kukosa damu, ugonjwa huo huhesabiwa umetokana na utumishi. Mzee akiwa amekufa kwa ugonjwa wa orodha hiyo, mjane anaweza kudai fidia hata kama marehemu mwenyewe hakuwahi kudai kitu. Kinachotakiwa ni jina la meli na tarehe. Daftari za safari za meli zinahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani, zikionyesha siku kwa siku meli ilikuwa wapi, na mhudumu aliyekuwa jikoni alikuwa mahali hapohapo alipokuwa nahodha.